Vijana wa Kamenu na kompyuta ya shilingi elfu moja: Bodi ipi inunuliwe?

KUNDI la kwanza la wanafunzi waliosoma chini ya mtaala wa umilisi, CBC, liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Wizara ya Elimu ilikwisha kueleza nia yake ya kuona takriban asilimia 60 ya wanafunzi hao wakifuata mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Ni azma njema. Hata hivyo, azma ya serikali huishia mezani pa mtu, na katika wadi ya Kamenu, eneo bunge la Thika Mjini, meza hiyo mara nyingi ndiyo ile ile ya kulia chakula. Hapo ndipo kijana mwenye hamu ya kutengeneza kitu kinachohisi joto, kinachofungua bomba la maji au kinachotuma ujumbe mlango ukivunjwa hukutana na swali lake la kwanza: anunue bodi ipi?

Wapo watakaosema swali hilo ni dogo mno kujadiliwa gazetini. Lakini kwa mzazi anayelipa karo, kodi ya nyumba na nauli, shilingi elfu mbili au tatu zilizotumiwa kununua kifaa kisichofaa hazirudi upesi. Na mtoto ambaye kifaa chake cha kwanza kiliungua au kilikataa kuwaka, mara nyingi huhitimisha kwamba yeye mwenyewe ndiye asiyefaa.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachozungumziwa. Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja: sehemu ya kukokotoa, kumbukumbu, na njia za kupokea na kutoa ishara za umeme. Haina skrini wala kibodi. Hupewa kazi moja ikairudia usiku na mchana bila kuchoka. Imo ndani ya mita ya umeme ya tokeni, ndani ya mashine ya kufulia nguo, na ndani ya mitambo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, ile inayojizima malipo yakichelewa. Bodi nayo ni chipu hiyo ikiwa imekwisha kupachikwa juu ya kibao cha saketi pamoja na mlango wa USB na pini za kuunganishia waya, ili mwanafunzi asihangaike na mambo ya kiwandani.

Zamani kazi hii ilikuwa ya wahandisi. Mnamo 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, Massimo Banzi na wenzake walianzisha Arduino kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa na elimu ya uhandisi. Jina walilichukua kutoka kwa baa ya mji huo. Bodi yao maarufu, Uno, ilitoka 2010, na kwa kuwa michoro yake iliachwa wazi kwa yeyote kuiiga, viwanda vya China viliiga kweli kweli. Nakala hizo ndizo zilizojaa katika maduka ya Barabara ya Luthuli, Nairobi. Si haramu, mradi mtengenezaji asitumie nembo ya wenyewe.

Leo mnunuzi ana njia tatu kuu. Ipo Uno na nakala zake. Ipo ESP32, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyotoka 2016 ikiwa na Wi-Fi na Bluetooth ndani yake. Na ipo Pico ya Raspberry Pi ya Uingereza, iliyotoka Januari 2021 kwa bei ya dola nne, ikafuatwa na Pico W yenye Wi-Fi mnamo Juni 2022 kwa dola sita, na Pico 2 mnamo Agosti 2024 kwa dola tano. Bei hizo ni za huko zinakotoka. Zikifika hapa zimekwisha kubeba usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji.

Ukizilinganisha kwa nguvu, Uno ya zamani inaachwa mbali. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 pekee, ilhali Pico ya kwanza ina 264 na ESP32 ina 520. Mwendo wa Uno ni megahezi 16. ESP32 hufika 240. Kwa hesabu hizo, kijana yeyote angesema shauri limekwisha. Halijaisha.

Tuchukue mfano wa kazi ambayo watu wa Thika na Ruiru wanaielewa vyema: kiatamio cha kuangulia mayai ya kuku. Mayai huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21, yakigeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18 hivi. Joto likipanda nyuzi mbili juu ya hapo na kukaa, vifaranga hufia ndani ya ganda. Huu ni mradi unaopendwa na wanafunzi kwa sababu una faida machoni pa mzazi.

Basi katika kazi hii, kitu kinachoamua kufaulu au kuharibika kwa mayai si kasi ya bodi hata kidogo. Ni kihisi cha joto. Kile cha rangi ya samawati kiitwacho DHT11, ambacho hutiwa katika karibu kila kifurushi cha wanaoanza, hukubaliwa na watengenezaji wake wenyewe kwamba kinaweza kukosea kwa nyuzi mbili. Maana yake ni kwamba kiatamio kinachoonyesha 37.5 huenda kina 39.5. Kijana aliyetumia fedha zake kununua bodi ya kasi kisha akabaki na DHT11 amenunua gari la mashindano lenye magurudumu ya mkokoteni.

DS18B20, kinachofanana na kipande cha transista au kuja ndani ya kijiti cha chuma kisichoingiza maji, hukosea kwa nusu nyuzi tu kikiwa halisi. Nasema kikiwa halisi kwa sababu bandia zake zimeenea duniani kote. Namna ya kukipima ni rahisi: kitie ndani ya maji yaliyojaa barafu iliyopondwa, kikoroge, na kisome karibu na sufuri. Usikipime kwa maji yanayochemka ukitarajia nyuzi 100, maana Thika iko juu sana ya usawa wa bahari na maji huko huchemka kwa takriban nyuzi 95. Wako wanaotupa kihisi kizuri kwa kutojua hilo.

Jambo la pili ni volti. Uno ya zamani huzungumza kwa volti 5. ESP32 na Pico huzungumza kwa volti 3.3. Kihisi cha umbali cha HC-SR04, kipendwacho na kila anayetengeneza roboti ya kukwepa kuta, hurudisha ishara ya volti 5. Ukikiunganisha moja kwa moja na pini ya ESP32 au Pico, huenda kikafanya kazi wiki nzima kisha pini ikafa bila kuaga. Dawa yake ni vizuizi viwili vya umeme, kimoja cha kilo-ohmu 1 na kingine cha kilo-ohmu 2, vinavyopunguza volti 5 kuwa kama 3.3. Gharama yake ni shilingi chache.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walisema kweli, ila jembe lao halikuungua kwa kupewa volti mbili za ziada. Uno ya zamani ni mvumilivu. Hustahimili makosa mengi ya mkono wa mwanafunzi. Na hii ndiyo sababu kuu ya kuitetea hadi leo, wala si umaarufu wake.

Jambo la tatu halitajwi kabisa katika video za ughaibuni, kwa kuwa huko halipo: vifurushi vya data. Ili kompyuta iweze kuiandikia ESP32 programu kupitia Arduino, ni lazima ipakue kwanza zana zenye ukubwa wa mamia ya megabaiti. Kijana anayetumia intaneti ya simu, tena kwa laptopu ya mitumba yenye kumbukumbu ndogo, anaweza kumaliza kifurushi cha wiki kabla hajawasha hata taa moja. Pico, kwa upande wake, hutaka faili moja ya MicroPython isiyozidi megabaiti mbili. Unaiburuta na kuidondosha ndani ya bodi kana kwamba ni flashi, kisha unaanza kuandika. Mwenye laptopu dhaifu anayeitaka Uno naye atafute toleo la zamani la programu ya Arduino, la 1.8, ambalo ni jepesi kuliko matoleo ya 2.

Hapa pana ulinganifu na mtaala ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya usimbaji ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili, na lugha inayofundishwa humo ni Python. MicroPython ni Python hiyo hiyo iliyopunguzwa ikatosha katika chipu. Mwanafunzi aliyeyapata masomo hayo shuleni na kisha akanunuliwa Uno ya zamani atalazimika kujifunza lugha ya pili, ya jamii ya C++, kabla ya kuendelea, kwa sababu kilobaiti 2 hazitoshi kuibeba Python. Si vibaya kujua lugha mbili. Lakini mzazi aelezwe mapema.

Kwa hiyo, maoni yangu ni haya. Mwanafunzi wa shule aliyekwisha kuonja Python, anayetaka kujifunza bila kutegemea intaneti, na anunue Pico, na kama fedha zinaruhusu achukue ile yenye pini zilizokwisha kulehemiwa, kwani Pico ya kawaida huuzwa bila pini na si kila nyumba ina chuma cha kulehemu. Anayetaka kifaa chake kitume habari kwa simu kupitia Wi-Fi, au mwanachuo anayejenga kitu cha kuuza, na achukue ESP32. Uno ibaki kwa klabu na maabara ambako mikono mingi itaishika na makosa yatakuwa mengi, au kwa yule ambaye mwalimu wake anaifahamu. Mwalimu anayeifahamu bodi ana thamani kuliko kilobaiti zozote.

Kunao pia wasiohitaji bodi. Mfugaji anayetaka tu kiatamio chake kishike joto anaweza kununua kidhibiti cha joto kilicho tayari, kama vile STC-1000, akakifunga na kwenda kulala. Bodi ina maana pale anapotaka zaidi ya hapo: kugeuza mayai kwa saa maalumu, kuweka rekodi, au kupigiwa simu umeme ukikatika. Na umeme hukatika. Mnamo Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, kisha ikatumbukia tena Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo. Kiatamio kisicho na betri hakina habari na ubora wa chipu yako.

Wanaotaka kifaa kitume SMS hununua moduli ya SIM800L, na hapa ndipo machozi mengi humwagika. Moduli hiyo hutaka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotafuta mtandao huvuta hadi ampea 2 kwa mkupuo. Hakuna pini ya Uno wala ya Pico inayoweza kutoa kiasi hicho. Matokeo yake moduli hujizima na kujiwasha bila kikomo, naye mnunuzi hurudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa mbovu. Ilichokosa ni betri yake yenyewe ya lithiamu. Pia ikumbukwe kwamba hutumia mtandao wa 2G, ambao nchi kadhaa zimekwisha kuuzima. Anayebuni bidhaa ya kuuzwa kwa miaka kumi ijayo asijenge juu yake.

Kuhusu usalama sitazunguka. Balbu au hita ya kiatamio hutumia umeme wa volti 240, na bodi huiwasha kupitia relei. Relei hizo za bei nafuu huweza kugandamana zikabaki zimewasha, na programu nayo huweza kukwama hita ikiwa inawaka. Mikrokontrola zote tatu nilizozitaja zina saa ya ulinzi ndani yake, inayoiwasha upya programu iliyokwama, itumike. Juu yake kiwekwe kidhibiti cha pili cha joto, kinachojitegemea, pamoja na fyuzi. Mtoto asiunganishe waya za 240 peke yake. Fundi wa umeme wa mtaani atalipwa kidogo kwa kazi ya nusu saa.

Yapo mambo makubwa zaidi nyuma ya uchaguzi huu mdogo. Oktoba 2025, kampuni kubwa ya chipu ya Marekani, Qualcomm, ilitangaza kwamba inainunua Arduino. Mwezi uliofuata masharti mapya ya huduma za Arduino yalizua malalamiko miongoni mwa watumiaji waliohofia kwamba uwazi ulioijenga ungepunguzwa. Kwa mwenye Uno ya zamani mkononi hakuna kilichobadilika. Michoro iliyokwisha kutolewa haiwezi kurudishwa kabatini. Lakini shule inayopanga kununua bodi mia moja na kuzitumia kwa miaka mingi ina haki ya kuuliza nani anashika usukani wa mradi huo na anaelekea wapi.

Thika ni mji uliowahi kupachikwa jina la Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake. Magari yamekuwa yakiunganishwa humo tangu miaka ya sabini. Ila hakuna bodi hata moja kati ya nilizozitaja ambayo chipu yake imetengenezwa nchini. Uhaba wa chipu ulioikumba dunia kuanzia 2020 ulionyesha maana ya hilo: bei za bodi zilipanda, nyingine zikatoweka madukani kwa miezi. Kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, iliyomo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi huko Nyeri, inajaribu kuifungulia Kenya mlango katika sekta hiyo, na mnamo Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto jijini Washington, Marekani ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya katika masuala ya chipu. Hata hivyo, kutoka hapo hadi mikrokontrola ya Kenya katika duka la Luthuli ni safari ndefu, na anayeanza leo hawezi kuisubiri.

Tuna kumbukumbu ya karibu ya jinsi ununuzi wa pamoja unavyoweza kwenda mrama. Ahadi ya laptopu kwa wanafunzi wa darasa la kwanza ilitolewa 2013. Zabuni ya kwanza ikaanguka, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa tabuleti, nyingine zikitolewa na ushirika wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, na kampuni ya Positivo BGH. Katika shule nyingi tabuleti hizo ziliishia kufungiwa kabatini, walimu wakihofia zitaibwa au zitaharibika mikononi mwa watoto. Tofauti ya bodi za mikrokontrola ni kwamba bei yake inaruhusu ziharibike. Uno R4 yenye Wi-Fi ilipotoka 2023 iliwekewa bei ya dola 27.50, fedha hizo, kwa bei ya watengenezaji, hununua Pico sita na chenji. Shule inaweza kuwapa watoto sita bodi moja moja, mmoja akaiunguza, na somo likaendelea.

Huo ndio msingi ambao klabu za sayansi za Thika zingefaa kuutumia: wakubaliane juu ya bodi moja, hata kama si bora kupita zote, ili wa Kamenu aweze kuazima programu ya mwenzake wa Ruiru na kumuuliza pale anapokwama. JKUAT iko Juja, mwendo mfupi wa matatu kutoka Thika, na wanafunzi wake wa uhandisi huzishika bodi hizi mara kwa mara. Wachache wao wakialikwa shuleni Jumamosi moja kwa mwezi, gharama itakuwa nauli na chai.

Kabla ya hapo, mwenye laptopu iliyounganishwa na intaneti, hata kwa saa moja katika saibakafe, anaweza kufungua Wokwi au Tinkercad, akaunganisha waya na kuijaribu programu yake katika bodi ya kuigiza bila kutumia senti. Nakala ya Uno, ESP32 na Pico kwa kawaida huuzwa Nairobi kwa kati ya elfu moja na elfu mbili hivi, na bei hutofautiana kutoka duka hadi duka hata katika jengo moja. Asiyeuliza mara tatu amejitakia.

Anayesafiri kwenda Luthuli abebe kebo ya USB anayokusudia kuitumia, kwa kuwa nyingi zinazokuja na chaja za simu hazina nyaya za kupitisha data, na bodi itawaka taa lakini kompyuta isiione. Nakala nyingi za Uno pia hutumia chipu ya USB iitwayo CH340, ambayo katika baadhi ya kompyuta hutaka programu yake ndogo isakinishwe kwanza. Amwombe muuzaji aiunganishe bodi na kompyuta ya dukani kwa kebo hiyo hiyo, na asitoe fedha mfukoni hadi aione imetambuliwa.